Fundi wa vigae anayejifunza kurusha upya

Saa moja asubuhi haijagonga, na fundi wa vigae tayari amepiga magoti. Bafu ni dogo, liko ghorofa ya nne, halina mlango wala taa, na mwanga wote unaingia kwa dirisha ambalo bado halijatiwa kioo. Magotini amejifunga vipande vya godoro kuukuu kwa mpira wa baiskeli. Anachota gundi kwa mwiko wenye meno, anaitandaza sakafuni, anaweka kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira na kuinamisha sikio.

"Hiki kinaitika vizuri," anasema, na kuchukua kingine.

Kutoka chumba cha pili, fundi bomba anapaza sauti. "Bwana wa sahani! Umeamka leo?"

"Nimeamka. Magoti bado yamelala."

"Yaamshe basi, mwenye nyumba anakuja saa nne. Na usimrushie kigae."

Fundi wa vigae anatabasamu bila kuinua kichwa. Utani huo ameuzoea. Ana miaka arobaini na mitatu, karibu ishirini kati ya hiyo ameitumia sakafuni kwa watu, na jengo zima linajua kwamba jioni mbili kila wiki, na Jumapili, huvua godoro lake la magoti na kwenda kucheza frisbi. Mama yake mzazi, anayeishi naye, bado humwuliza kama huko uwanjani huwa wanakula kwanza au wanarusha sahani kwanza.

Daktari alishamwambia magoti yale hayawezi kubeba kazi na mchezo kwa pamoja, achague. "Nikamwambia, daktari, kazi siwezi kuacha na mchezo siwezi kuacha. Labda tuchague magoti mengine," anasema. Daktari hakucheka. Alimwandikia dawa ya kuchua.

Lakini si magoti yaliyokaribia kumtoa uwanjani mwaka huu.

Kisahani chenyewe wengi wanakijua. Ni kile cha plastiki ambacho watoto hurushiana. Mchezo huu wanaoucheza watu wazima una timu mbili za watu saba saba, wanaume kwa wanawake pamoja. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, na mkabaji wako anakuja mbele yako na kuanza kuhesabu kwa sauti hadi kumi. Kabla hajafika uwe umekirusha. Pointi inapatikana mwenzako akikidaka ndani ya eneo la mwisho la uwanja. Kikianguka, ni cha wapinzani palepale, na wewe uliyekuwa unashambulia unageuka kukaba.

Refa hakuna. Aliyechezewa vibaya anasema, aliyemchezea anakubali au anakataa, wanazungumza, mchezo unaendelea. Fundi anasema hilo ndilo lililomshika tangu siku ya kwanza.

"Kazini bosi ndiye anasema. Nyumbani mama ndiye anasema. Pale uwanjani peke yake naulizwa, wewe umeonaje?"

Aliyempeleka huko ni mdogo wake wa kufuatana naye. Timu nzima ilimwita Mtungi, kwa sababu alikuwa akisambaza mitungi ya gesi majumbani. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Ukimwona amesimama ungedhani amekuja kubadilisha mtungi aende zake. Akianza kukimbia, wakabaji walibaki wakiuliza kapita wapi.

Fundi hakuwa na mbio, lakini alikuwa na mkono. Miaka ya mwiko imemwachia kifundo cha mkono kinachojua kupindua kitu bapa bila kukitikisa. Akawa mrushaji, yule anayekaa nyuma na kugawa kisahani, na mdogo wake akawa mkimbiaji. Mpango wao ulikuwa rahisi. Wakimbiaji wa timu wanajipanga foleni katikati ya uwanja ili pande zote mbili zibaki wazi. Wa kwanza anatoka anakuja karibu, wa pili anatoka, wakabaji wote wanavutwa mbele. Mtungi alisimama wa mwisho, anajifanya amechoka, ameshika kiuno. Halafu anageuka na kukimbia kuelekea mwisho wa uwanja bila kutazama nyuma.

Mrusho wa kumfikia huko mwisho timu iliuita ndefu, basi.

"Sikuwa nasubiri akimbie," fundi anakumbuka. "Yeye akishika kiuno tu, mimi nimesharusha. Kisahani kinatangulia, yeye anakifuata, wanakutana huko mbele. Watu walidhani tuna ishara. Ishara gani? Nimelala naye kitanda kimoja tangu ananyonya."

Mwaka jana, siku ya kazi ya kawaida, Mtungi alipanda ngazi za jengo moja na mtungi begani. Alipofika ghorofa ya tatu akakaa chini, na hakuinuka tena. Moyo, walisema hospitali. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mpangaji aliyemkuta alieleza kwamba mtungi ulikuwa umesimamishwa vizuri ukutani, nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu asingejikwaa.

Fundi anaifikia habari hiyo, anasimamisha mwiko, kisha anaendelea kutandaza gundi. "Alikuwa hivyo," anasema. "Hata akiwa na haraka hakuwahi kuweka kitu ovyo."

Baada ya mazishi alikaa miezi mitatu bila kukanyaga uwanja. Aliporudi walimpokea, wakampa jezi yake, na hakuna aliyemwuliza chochote. Alirusha kama zamani, safi, katikati ya wakabaji, chini ya mikono yao. Ila alirusha fupi tu. Kisahani cha mbali hakikutoka tena mkononi mwake. Wenzake waliona wakanyamaza.

Wapinzani waliona pia, na wao hawakuwa na sababu ya kuliacha hilo lipite bure.

Katika mchezo huu, mechi ikiisha, timu zote mbili husimama duara moja, wamechanganyikana, mikono mabegani, na kila upande unauambia mwingine ulichokiona. Kuna sifa, kuna malalamiko, kuna utani. Miezi miwili iliyopita timu ya fundi ilifungwa vibaya, pointi kumi na tano kwa sita, na katika duara dereva mmoja wa lori, mrefu, mkabaji wa timu iliyoshinda, aliomba kusema.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alimwambia fundi. "Mkono wako ni mzuri kuliko wa kwangu. Lakini nisikufiche. Sisi nyuma tunapaacha wazi kabisa. Tumeambiana, yule harushi ndefu siku hizi, sogeeni wote mbele mmbane. Ndiyo tumefanya. Samahani, kaka, ila ni hivyo."

Duara zima lilitazama nyasi.

"Hakunitukana," fundi anasema. "Angenitukana ningelala. Alisema kweli mbele ya watu, na ameniwekea mkono begani."

Jumanne iliyofuata aliomba arushe ndefu mazoezini. Uwanja wao uko nyuma ya ghala la nondo, nyasi upande mmoja na vumbi upande wa pili, na upepo huja kwa kukata kona ya ukuta. Aliyetoka mwisho wa foleni, mahali pa Mtungi, alikuwa mjane wa Mtungi.

Yeye ni msusi. Anasimama kutwa nzima akisuka vichwa vya watu, vidole vyake vina nguvu kama koleo, na kisahani kikitua hapo hakitoki. Aliingia timu hii miaka sita iliyopita kwa sababu, anasema, alichoka kufua jezi za watu wanaofurahi bila yeye. Ana mtoto mmoja wa kike. Baada ya msiba alirudi uwanjani kabla ya shemeji yake.

Fundi akarusha. Kisahani kilipita juu ya kichwa cha msusi, kikaenda, kikaenda, kikaanguka mbele yake mbali. Akarusha tena. Kikapita tena. Cha tatu kiligonga ukuta wa ghala.

"Upepo," alisema mtu mmoja.

"Mkono umekaa sana," alisema mwingine. "Utarudi."

Msusi alikwenda kukiokota, akarudi akitembea, akihema, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Shemeji," alimwuliza, "unanirushia mimi, au unamrushia kaka yako?"

"Kaka yangu yupi? Ni mdogo wangu."

"Haya, mdogo wako. Unamrushia yeye?"

Fundi alivua viatu vya mchezo pale pale, akavaa ndala, akaondoka bila kuaga. Hakuonekana mazoezini wiki mbili, na aliporudi alirusha fupi tu.

Leo, akiwa amepiga magoti, anakubali kwamba hasira yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa. Upepo haukuwa na kosa, na mkono haukuwa na kutu. Mirusho ile ilikuwa sahihi kabisa, kasi sahihi, umbali sahihi, kimo sahihi. Ilikuwa sahihi kwa miguu ya mtu aliyezikwa.

"Mkono ulikuwa unakwenda pale alipokuwa anafika yeye," anasema. "Mimi sikuuambia. Halafu huyu mama wa watu anakimbia hadi anataka kutapika, hakifiki, anadhani kosa ni lake. Kumbe anashindana na marehemu."

Nahodha wa timu ni binti wa miaka ishirini na saba anayeuza dawa dukani kwa mtu, mkali, mwenye kuongea haraka kama anayesoma bei. Siku nne kabla ya mechi ya mwisho ya msimu alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kumkuta fundi kazini.

"Fundi, shikamoo. Usisimame, endelea tu. Mimi nina dakika chache, nimemwachia duka mtu asiyejua tofauti ya dawa ya kikohozi na ya minyoo."

"Marahaba. Kaa basi."

"Nikae wapi, kote kuna gundi? Sikiliza. Sina mtu wa kumweka mahali pako. Lakini nikikuweka hivyo hivyo, wanatukaba watu saba kwenye nusu uwanja, hatupumui. Jumapili, ama unarusha ndefu, ama nakukalisha nje. Na nikikukalisha nje, nakujua, hutarudi tena."

Fundi aliendelea kufuta kigae ambacho kilishakuwa safi.

"Na mimi sitaki usirudi," nahodha alisema, safari hii polepole. Kisha akashuka ngazi akikimbia.

Fundi anasema binti alikuwa amemsoma sawasawa. Alikuwa amekwisha kuifua jezi, ameikunja, ameiweka juu ya kabati ili airudishe kwa timu. Alichoka. Alichoka na magoti, alichoka na kubanwa na vijana wenye pumzi, na zaidi alichoka na kila mrusho mrefu kumfanya atazame mwisho wa uwanja na kukuta hakuna mtu.

Aliyeishusha jezi ile ni msusi. Alifika jioni ya siku iliyofuata, akiwa bado na kitana kichwani. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni akichambua mchele.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kumchukua tena akavunjike?"

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwazima tu. Nitamrudisha."

"Marahaba. Mke wa marehemu anakimbia na kaptura, shemeji mtu anamrushia sahani. Watu watasema nini?"

"Wameshasema, mama. Wamechoka wao, mimi bado."

Mama alitaka kukasirika, akacheka. Fundi anasema hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu siku ile ya msiba, na kwamba alitoka chumbani kuhakikisha ni yeye.

"Shemeji," msusi alimwambia, "kesho Ijumaa njoo uwanjani mapema, kabla ya wengine. Na kisahani usije nacho."

"Nije kufanya nini bila kisahani?"

"Uje unitazame."

Ijumaa walikuwa wawili tu nyuma ya ghala. Msusi alimsimamisha fundi mahali pake pa kurushia, mikono mitupu, akaenda mwisho wa foleni isiyokuwapo, akageuka, akakimbia. Akarudi akitembea. Akakimbia tena upande wa pili. Fundi alisimama kama mtu aliyefika stendi na gari limeondoka, hajui aweke wapi mikono.

"Unaona nini?" msusi aliuliza aliporudi mara ya tatu, ameshika magoti.

"Naona unakimbia."

"Tazama tena."

Ndipo akaanza kuona. Mtungi alikuwa akifyatuka kama kifuniko cha chupa ya soda. Huyu anaanza taratibu, mbio zake zinakuja baadaye, na zikija hazikatiki. Mtungi alikwenda moja kwa moja. Huyu anapinda kidogo kushoto, kama mtu anayezunguka kidimbwi. Mtungi hakutazama nyuma, kisahani kilimkuta begani. Huyu anataka kukiona kinakuja, anageuza uso mapema, na akigeuza uso mwendo unapungua. Mtungi alidaka kwa mkono mmoja akicheka. Huyu anakipiga kwa viganja viwili, juu na chini, kama anayefunga kitabu.

"Miaka sita tumecheza timu moja," fundi anasema, "na nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Siku zote macho yangu yalikuwa kwa mwingine."

Kisahani kilikuja na nahodha, aliyefika na kuwakuta hivyo, akasimama pembeni bila neno, jambo ambalo kwake ni gumu. Fundi alirusha. Kilikuwa kifupi mno. Msusi alilazimika kurudi. Akarusha kingine, cha juu zaidi, kinachoelea, kimeinama kidogo kushoto. Kikakaa hewani kikimsubiri. Msusi alifika chini yake, akageuza uso, akakifunga kwa viganja viwili.

Hakushangilia. Alikaa chini kwenye vumbi, kisahani kifuani, akalia kwa sauti, na fundi akaenda akakaa karibu naye, magoti yakilia nayo kwa namna yake. Nahodha aliwapa mgongo akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Nilimwambia, shemeji, nisamehe," fundi anasimulia. "Akaniambia, nyamaza kwanza, nilie, halafu urushe tena, mkono usipoe."

Jumapili wapinzani walisogea mbele kama kawaida, saba wote, kumbana. Mara ya kwanza alipoachia ndefu, mkabaji wa msusi hakugeuka hata shingo. Alidhani kelele zilizopanda ni za watu wa pembeni tu. Mara ya pili waligeuka wakiwa wamechelewa. Ya tatu msusi aliidondosha, akapiga ardhi kwa kiganja. Baada ya hapo wapinzani walirudisha watu wawili nyuma, mbele pakapatikana nafasi, na fundi akarudi kugawa fupi zake kwa raha. Timu ya fundi ilishinda kwa pointi mbili. Wenzake walimkimbilia wakamkuta ameketi. Walidhani anaomba dua. Alikuwa hawezi kusimama, na wawili walimwinua kwa makwapa.

Usiku huo hakulala kwa maumivu. Anasema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Saa nne mwenye nyumba anafika, anatembea juu ya ubao, anatazama sakafu, anauliza lini itakwisha. Alhamisi, anaambiwa. Anaondoka. Baada ya bafu hili kuna mengine matatu kwenye ngazi hii hii, na kwa kuwa analipwa kwa kipimo cha sakafu, siku ya mapumziko ni siku bila malipo. Fundi anaumega mkate wake akiwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, na kuisugua kwa dawa ya daktari.

Anajua hana misimu mingi. Mmoja, pengine miwili. Hataki kuwa nahodha, hataki kombe, hataki mtu amwite mwalimu. Anachotaka kinaanza kesho jioni, nyuma ya ghala. Timu ina wakimbiaji kumi na mmoja, na amegundua kwamba hadi Ijumaa iliyopita alikuwa anamjua mmoja tu, naye hayupo. Sasa anawajua wawili. Ameomba kila siku ya mazoezi, kabla ya kuanza, apewe mkimbiaji mmoja na asipewe kisahani.

"Nitasimama tu, nimtazame akikimbia mpaka nimjue," anasema.

Kesho ni zamu ya nahodha.

"Yule anakimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni," fundi anasema, akishika ukuta ili ainuke. "Ameniomba nisicheke. Nimemwambia nitajitahidi."